Programu za Ofisi Zinapoganda: Chunguza Printa Kabla ya Kulipia Matengenezo

Miongoni mwa kero zinazowapata watumiaji wa kompyuta majumbani, maofisini na kwenye maduka ya stesheni ni programu ya kuandikia au ya mahesabu kuganda pasipo sababu inayoonekana. Mtumiaji hufungua waraka, skrini hupauka, mshale hugeuka kuwa duara linalozunguka, na juu ya dirisha hutokea maneno "Not Responding", yaani programu haiitikii. Baada ya dakika moja au mbili kazi huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Kisha hali hiyo hujirudia anapotaka kufungua waraka mwingine, kubadili ukubwa wa karatasi au kuchapa.

Walaji wengi wapatwapo na hali hii hudhani kwamba kompyuta imezeeka, imeingiwa na virusi, au programu yenyewe imeharibika. Wapo wanaoipeleka kwa fundi na kulipia kufutwa kwa kompyuta nzima ili kuwekewa mfumo endeshi upya, kazi ambayo mtaani huitwa "kupiga Windows". Hasara yake si fedha tu. Hesabu za duka za miaka kadhaa, tasnifu ya mwanafunzi au picha za familia zisizokuwa na nakala nyingine zaweza kupotea siku hiyo hiyo. Na zaidi ya hayo, printa ikiunganishwa tena kama ilivyokuwa mwanzo, programu yaweza kuganda vilevile.

Katika makala haya tunaeleza chanzo kimoja cha tatizo hili ambacho ni rahisi kukibaini, na ambacho mara nyingi huondolewa bila gharama: printa ambayo kompyuta inaitafuta lakini haiipati. Hatusemi kwamba kila programu inayoganda imegandishwa na printa. Tunachosema ni kwamba jaribio la kuthibitisha jambo hilo huhitaji dakika tano hivi, halifuti chochote, na lafaa kufanywa kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Maelezo yetu yanahusu kompyuta zinazotumia Windows 10 na Windows 11. Kwa kuwa kompyuta nyingi zinazouzwa nchini huja na maandishi ya Kiingereza, majina ya vitufe tumeyataja kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Kwa nini programu iitafute printa wakati sijaagiza kuchapa?

Ukurasa unaouona kwenye programu kama Word au Excel ni taswira ya ukurasa utakaotoka kwenye karatasi. Ili kuupanga vema, programu huhitaji kujua mambo kadhaa: printa inapokea karatasi za ukubwa gani, ni sehemu gani ya kingo isiyofikiwa na wino, na ukurasa mmoja unaishia wapi ili mwingine uanze. Maswali haya huulizwa kwa printa iliyowekwa kuwa chaguo-msingi, yaani ile ambayo kompyuta huitumia pasipo mtumiaji kutaja nyingine. Huweza kuulizwa mara tu waraka unapofunguliwa, hata kama hakuna aliyekusudia kuchapa.

Swali hupitia kwa watumishi wawili ndani ya kompyuta. Wa kwanza ni programu ndogo ya kuendeshea printa, ambayo mafundi huiita draiva. Wa pili ni huduma ya mfumo endeshi iitwayo Print Spooler, ambayo kazi yake ni kupokea nyaraka za kuchapwa na kuzipanga foleni. Printa ikiwa imewashwa na imeunganishwa sawasawa, jibu hupatikana kabla mtumiaji hajapepesa jicho.

Tatizo huanza pale printa inapokuwa imezimwa, imehamishwa, au ipo kwenye mtandao wa jengo jingine. Kompyuta hutuma swali, husubiri, na isipopata jibu huweza kurudia tena hadi muda uliowekwa uishe. Wakati wote huo programu iliyouliza haiwezi kufanya jambo lingine. Ni kama karani aliyetumwa kugonga mlango wa nyumba iliyohamwa: hawezi kurudi mezani mpaka akate tamaa. Ndiyo maana programu huganda, kisha hujifungua yenyewe baada ya muda.

Dalili zinazoielekea printa

Kabla ya kufanya lolote, jiulize kama hali yako inafanana na hizi:

1. Programu huganda zaidi unapofungua waraka, unapobofya "File" kisha "Print", au unapobadili mpangilio wa ukurasa, ilhali kuandika kwenyewe hakuna shida.
2. Kompyuta mpakato hufanya kazi vizuri ofisini lakini huganda nyumbani, au kinyume chake.
3. Programu zisizohusiana na uchapaji, kama ile ya kusikilizia muziki, zinaendelea vizuri wakati huo huo.
4. Tatizo lilianza baada ya badiliko fulani: printa mpya ilinunuliwa, ruta ilibadilishwa, umeme ulikatika na kurudi, au kebo ya printa ilihamishiwa tundu jingine.
5. Zipo nyaraka zilizoagizwa kuchapwa siku zilizopita ambazo hazikutoka na bado zimekaa kwenye foleni.

Dalili mbili au tatu kati ya hizi zikiwapo kwa pamoja, ni busara kuanza na printa.

Jaribio la dakika tano

Kwanza kabisa, okoa kazi yako. Programu ikiwa imeganda, usikimbilie kuizima kompyuta kwa kitufe cha umeme. Subiri dakika tatu hadi tano, maana ikiwa inasubiri jibu la printa yaelekea itajifungua. Ikifunguka, hifadhi waraka papo hapo, kisha weka nakala kwenye flashi. Word na Excel, zikiwa hazijabadilishwa mipangilio, hutunza taarifa za kuokolea kila baada ya dakika 10. Kwa hiyo ukilazimika kuzifunga kwa nguvu, kuna uwezekano wa kurejeshewa sehemu kubwa ya kazi utakapozifungua tena. Hata hivyo, usiitegemee huduma hiyo mahali pa kuhifadhi kwa mkono wako mwenyewe.

Baada ya hapo fuata hatua hizi:

1. Funga programu zote za ofisi.
2. Fungua "Settings". Katika Windows 11 bofya "Bluetooth & devices", katika Windows 10 bofya "Devices". Kisha chagua "Printers & scanners".
3. Tafuta swichi yenye maneno "Let Windows manage my default printer" na uizime.
4. Katika orodha ya printa, bofya "Microsoft Print to PDF". Hii si mashine. Ni printa ya kufikirika iliyomo ndani ya kompyuta, ambayo hugeuza waraka kuwa faili la PDF. Kwa kuwa imo ndani ya kompyuta, haiathiriwi na kebo wala mtandao.
5. Bofya "Set as default". Katika Windows 10 huenda ukalazimika kubofya "Manage" kwanza.
6. Fungua tena programu na waraka uliokuwa ukiganda.

Waraka ukifunguka haraka na kuganda kukakoma, umepata jibu: programu ni nzima, na kinachohitaji kurekebishwa ni mawasiliano kati ya kompyuta na printa. Unaweza kuiacha hali hiyo ilivyo na kuendelea na kazi. Siku utakapotaka kuchapa, utachagua printa yako halisi kwenye orodha kabla ya kubofya "Print". Ni hatua moja ya ziada, lakini inakuepusha na usumbufu wa kila siku.

Kuondoa chanzo chenyewe

Anayetaka kulimaliza tatizo badala ya kulikwepa hana budi kujua limetokana na nini. Tumekusanya hapa hali zinazotokea mara nyingi.

*Printa iliyobaki mahali pengine.* Mtumishi huchapa ofisini mchana, kisha hubeba kompyuta mpakato kwenda nayo nyumbani. Kuanzia toleo la Windows 10 la Novemba 2015, mfumo huo waweza kujichagulia printa chaguo-msingi kwa kufuata ile iliyotumika mwisho. Basi akiwa nyumbani usiku, kompyuta yake bado huitafuta printa ya ofisini. Dawa yake ni ile swichi tuliyoizima kwenye jaribio, pamoja na kuiacha "Microsoft Print to PDF" kuwa chaguo-msingi.

*Printa moja inayotumiwa na kompyuta kadhaa.* Tuchukue mfano wa duka la stesheni lenye kompyuta tatu na printa moja. Printa imeunganishwa kwa kebo ya USB kwenye kompyuta ya mwenye duka, nazo nyingine mbili huifikia kwa kupitia hiyo. Mwenye duka akiizima kompyuta yake, au ikisinzia yenyewe kwa kukaa bila kuguswa, kompyuta mbili zilizobaki hukosa njia ya kuifikia printa. Wateja wanapanga foleni mlangoni, programu imeganda, na lawama huangukia kompyuta zisizo na kosa. Suluhisho ni kuizuia kompyuta ya mwenye duka isisinzie saa za kazi, au, iwapo printa ina uwezo huo, kuiunganisha moja kwa moja na ruta ili isitegemee kompyuta yoyote.

*Anwani ya mtandao iliyobadilika.* Printa iliyounganishwa na ruta hupewa anwani ya tarakimu, tuseme 192.168.1.20. Anwani hiyo aghalabu hutolewa kwa muda tu. Umeme ukikatika na vifaa vyote vikawaka upya, ruta yaweza kuipa printa anwani nyingine, tuseme 192.168.1.35, huku kompyuta ikiendelea kugonga mlango wa zamani. Printa nyingi zaweza kuchapa ukurasa wa taarifa zake zenyewe kwa kutumia vitufe vyake. Linganisha anwani iliyoandikwa hapo na ile iliyo kwenye mipangilio ya printa katika kompyuta. Zikitofautiana, ifute printa kwenye orodha na uiongeze upya. Ili jambo hilo lisijirudie, mwombe aliyekufungia mtandao aitengee printa anwani ya kudumu kwenye ruta. Ni kazi ndogo, na yafaa kudaiwa siku ile ile printa inapofungwa.

*Majina mawili ya printa moja.* Kebo ya USB ikihamishwa kutoka tundu moja la kompyuta hadi jingine, mfumo endeshi waweza kuidhania printa kuwa ni mpya na kuiandikisha mara ya pili, mara nyingi kwa jina lile lile likiongezewa "Copy 1". Jina la zamani hubaki kwenye orodha, na kama ndilo lililokuwa chaguo-msingi, kompyuta itaitafuta printa kwenye tundu lisilo na kitu. Irudishe kebo ilipokuwa, au ondoa jina lisilofanya kazi kwa kubofya "Remove". Ndivyo itakiwavyo pia kwa printa zote mlizokwisha kuuza au kutupa. Orodha ibaki na zile mlizo nazo tu.

*Foleni iliyokwama.* Waraka ulioshindwa kutoka waweza kuzuia huduma ya Print Spooler. Izime printa, kisha tafuta "Services" kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows. Fungua, tafuta "Print Spooler", na ubofye "Restart". Kama nyaraka bado zimekwama, bofya "Stop", nenda kwenye folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, ufute faili zilizomo ndani, kisha urudi na kubofya "Start". Futa faili zilizo ndani ya folda tu, usiifute folda yenyewe. Hatua hii huhitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, hivyo katika kompyuta ya ofisi iache mikononi mwa kitengo cha TEHAMA. Nyaraka zako hazitaathirika, kwani kinachofutwa ni maagizo ya kuchapa tu. Usiiache huduma hiyo ikiwa imezimwa, maana pasipo hiyo kompyuta haitaweza kuchapa.

*Draiva iliyopitwa na wakati.* Iwapo tatizo lilianza baada ya Windows kusasishwa, huenda draiva ya printa haiendani tena na mfumo. Ipakue mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa printa yako, bila malipo. Usiache kusasisha Windows kwa hofu ya kuharibu printa. Mwaka 2021 Microsoft ililazimika kutoa marekebisho ya dharura kwa sababu ya udhaifu mkubwa wa usalama uliogunduliwa katika huduma hiyo hiyo ya Print Spooler, na asiyesasisha hukosa kinga za namna hiyo.

Kwa wanaotumia LibreOffice, lipo jambo moja la ziada. Waraka wa programu hiyo waweza kubeba mipangilio ya printa ya mahali ulikoandikiwa. Fungua "Tools", kisha "Options", kisha "Load/Save", kisha "General", na uondoe alama kwenye "Load printer settings with the document". Waraka utakaotumiwa kutoka ofisi nyingine hautakuja tena na mipangilio ya printa usiyoijua.

Jaribio likishindikana

Programu ikiendelea kuganda hata baada ya "Microsoft Print to PDF" kuwa chaguo-msingi, printa si mshukiwa mkuu tena. Shikilia kitufe cha Ctrl huku ukifungua Word au Excel. Utaulizwa kama unataka kuifungua katika hali ya usalama, nawe ukubali. Katika hali hiyo programu hufunguka bila viongezo vilivyopachikwa na programu nyingine. Ikifanya kazi vizuri, kimojawapo cha viongezo hivyo ndicho chenye kasoro. Chunguza pia kama tatizo lipo kwenye waraka mmoja tu, hasa ulio kwenye flashi au kwenye folda ya mtandao. Uunakili kwenye kompyuta na uufungue kutoka hapo.

Kompyuta nzima ikiwa nzito, ikitoa mlio usio wa kawaida au ikijizima yenyewe, hiyo ni kazi ya fundi. Nenda kwake ukiwa umekwisha kunakili mafaili yako.

Kabla ya kumlipa fundi

Fundi mwaminifu hufaidika na mteja anayejieleza vema. Mweleze ni lini programu inaganda, ni kwa muda gani, ni badiliko gani lilitangulia, na jaribio la printa lilitoa matokeo gani. Kisha muulize maswali haya na usione haya kuyarudia:

- Tatizo umelibaini vipi, na unaweza kunionyesha?
- Je, matengenezo yatafuta mafaili yangu? Kama ndiyo, nani atayanakili kabla ya kuanza, na atayaweka wapi?
- Gharama ni kiasi gani kwa jumla, na nitalipa nini tatizo likijirudia baada ya siku chache?
- Kama unaniwekea programu, je, ina leseni halali?

Usikubali kompyuta ifutwe kabla maswali haya hayajajibiwa. Dai risiti ya EFD, na uhakikishe unapewa maelezo ya maandishi ya kazi iliyofanyika. Pasipo karatasi hizo ni vigumu kuthibitisha madai yako baadaye. Kumbuka pia kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha au kumhadaa mlaji katika biashara. Ukiambiwa kwamba kompyuta yako imekufa ili ununue nyingine, kisha ikabainika kuwa aliyekuambia alijua si kweli, unayo haki ya kulalamika. Anza kwa kumwandikia mfanyabiashara mwenyewe, na asipokusikiliza peleka malalamiko yako, pamoja na nakala za risiti, kwa Tume ya Ushindani.

Tahadhari ya mwisho inawahusu wanaotafuta msaada mtandaoni. Wapo matapeli wanaofungua tovuti zinazofanana na za watengenezaji wa printa, wakiweka namba za simu za "huduma kwa wateja". Anayepiga huombwa aruhusu kompyuta yake iongozwe kutoka mbali, huonyeshwa "makosa" mengi ya kutisha, kisha hudaiwa malipo. Usimruhusu mtu usiyemtafuta wewe mwenyewe kwa anwani ya uhakika aingie kwenye kompyuta yako, wala usimpe nywila au namba ya siri ya huduma ya fedha kwa simu. Kwa mwenye duka la stesheni hatari ni kubwa zaidi, maana kompyuta yake imebeba vyeti na vitambulisho vya wateja. Yafaa azifute nyaraka hizo mteja akishahudumiwa.

Kwa ufupi

- Programu inayoganda kisha ikajifungua yenyewe huenda inasubiri jibu la printa.
- Hifadhi na kunakili kazi yako kabla ya kujaribu lolote.
- Weka "Microsoft Print to PDF" kuwa chaguo-msingi, kisha fungua waraka upya.
- Tatizo likikoma, rekebisha printa. Usifute kompyuta.
- Tatizo likiendelea, mwone fundi, uulize maswali, na udai risiti.